Shangazi wa Kutumwa Kugomba

Mtu akiniambia tena kwamba Shangazi alizaliwa na hasira, nitamwomba aweke kikombe chini aende kwao. Nimeyasikia maneno hayo maisha yangu yote. Niliyasikia kwa mama, kwa majirani, kwa wanawake wa darasa la Alhamisi msikitini, na juzi nikayasikia kwa mwanangu mwenyewe, ambaye hakuwahi hata kuishi mtaa mmoja naye. Ati damu yake moto. Ati ndivyo alivyo, Mungu kamuumba hivyo, binadamu atafanya nini. Wanaosema hivyo wana macho makavu, kwa sababu wengi wao ndio waliomfanya akawa hivyo, na mimi nilikuwepo nikiona.

Hakuwa shangazi yangu. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale mtaani Jamhuri. Alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, na sisi watoto tuliambiwa tumwite hivyo kwa adabu, basi jina likamganda hata watu wazima wakalichukua. Mama Wafula, jirani wa nyumba ya pembeni ambaye kwao ni Bungoma, alimwita Senje, maana ndivyo shangazi anavyoitwa kwao. Mumewe alikuwa na duka dogo la vitambaa mjini, akitoka alfajiri na kurudi baada ya Isha, mtu mkimya aliyesikiliza redio kuliko alivyosikiliza watu. Shangazi alitoka kwa nani na nani sitaeleza. Ametoka pwani kama sisi, hiyo yatosha. Watu wanaochimba tabia ya mtu kwenye ukoo wake, mara nyingi wanatafuta pa kutupia lawama mbali na wao.

Nianze na sauti, maana ndiyo iliyosemwa sana. Nyumbani kwake sauti ya Shangazi ilikuwa ndogo hata ukitaka kumsikia ilibidi uache unachokifanya. Akimwita bintiye aliye chumbani, binti hasikii, ikabidi anitume mimi nikamwite. Akinunua nyanya kibandani habishani bei. Alilipa alichotajiwa, akashukuru, na mara nyingi alipewa zile zilizobonyea. Mama alimcheka sana kwa hilo. Aliogopa mijusi. Aliogopa sindano kiasi cha kukaa na jino bovu mpaka shavu likavimba. Shemeji zake walipokuja kuchukua cherehani yake wakidai ilikuwa ya marehemu mama yao, aliwapikia chai, akaifunga cherehani vizuri kwa leso isikwaruzwe njiani, kisha akawashikia mlango wakitoka nayo. Huyo ndiye mwanamke mnayeniambia alizaliwa na hasira.

Ilianza na maji. Nyumba zetu zilitumia tangi moja, na ufunguo wa tangi alikuwa nao keateka, msimamizi wa nyumba, mtu wa kusinzia kwenye kiti cha plastiki chini ya ngazi. Ikafika wakati akaanza kufunga maji ya upande wetu na kuyaachia upande wa pili, walikokuwa wakimpenda zaidi. Wanawake wakakutana mlangoni kwetu kushauriana. Maneno yalikuwa mengi, lakini ilipofika nani aende, kila mmoja akaanza kuchunguza kucha zake. Mama yangu ndiye aliyesema aende Shangazi, kwa kuwa ana Kiswahili kizuri na mtu atamwonea haya. Wote wakaitikia upesi mno.

Alikwenda, nami nikamfuata, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kufuata watu wazima. Alimwamkia yule mtu, akamwuliza hali ya nyumbani, akamwomba kwa ustaarabu kabisa atufungulie. Keateka akamjibu bila kufungua macho vizuri, "Maji iko na shida ya presha, mama. Kuja kesho." Kesho yake akaenda na adabu ile ile, na siku iliyofuata pia. Mara ya mwisho yule mtu hakumjibu hata neno. Alimpungia mkono tu, apishe kivuli.

Hapo ndipo nilipoisikia hasira yake kwa mara ya kwanza, na naapa yeye mwenyewe alishangaa kutuzidi. Ilianza nyembamba, ikitetemeka, kisha ikapata njia. Hakutukana, Shangazi hakuwahi kumtukana mtu. Alisema, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba kuna mzazi humu ndani hajaoga tangu atoke hospitali, kwamba kuna wazee wanatawadha kwa maji ya chupa, na kwamba yeye atasimama mbele ya kiti hicho mpaka mwenye kiti aone haya. Watu walijaa madirishani. Kabla ya adhuhuri maji yalikuwa yakitiririka kwenye ndoo zetu.

Wanawake wakampigia vigelegele. Mama akamkumbatia. Halafu kila mmoja akakimbilia ndoo yake, na ndiyo maana hakuna aliyekiona nilichokiona mimi. Nilipoingia kwake nilimkuta amelala sakafuni, juu ya saruji tupu, mtandio uliolowa umemfunika paji la uso. Aliniomba maji, akayanywa, akayatapika yote.

"Usimwambie mamako," akanong'ona. "Itapita tu."

Sikumwambia mama. Hata ningemwambia, sidhani kama angebadili lolote, kwa kuwa siku ile mtaa ulikuwa umejifunza jambo. Ulijifunza kwamba upo mlango mmoja ukiugonga unapata mtu wa kukugombea, huku wewe umebaki nyumbani na heshima yako. Naye Shangazi akajifunza kwamba adabu yake haifunguliwi mlango na sauti yake inafunguliwa. Mtu akifundishwa hivyo mara moja anaweza kusahau. Yeye alifundishwa kila wiki.

Walikuwa na utaratibu wao wa kumjia. Walikuja baada ya Alasiri, wakakaa kwenye busati lake, wakanywa chai yake ya tangawizi. Wakauliza habari za binti, za duka, za pwani. Halafu wakaanza kusimulia jambo lao, na wakifika penye uchungu wananyamaza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutamka neno "nenda." Wangenyamaza tu, wakitazama majani ya chai kikombeni, mpaka yeye mwenyewe aseme, "Basi kesho nitakwenda." Hapo wangeinuka, wakimwambia haikuwa nia yao kumsumbua. Nilikuwa nikikaa pembeni nikifanya hesabu zangu za shule na kutamani kuwamwagia ile chai.

Mwezi wa Ramadhani Shangazi hakugomba. Hilo lilikuwa sharti lake, naye alilishika. Alisema funga si njaa peke yake. Basi watu walifanya nini? Waliweka malalamiko yao mpaka mwezi uandame. Idi mosi walimletea sahani za vitumbua na kaimati, na Idi pili wakarudi kuchukua sahani, na kila sahani na kesi yake.

Kesi ya Karen, mtaa wa matajiri, ndiyo iliyomvumisha jina. Binti wa Mama Wafula, Nekesa, alikuwa akifanya kazi ya nyumbani huko, kwenye nyumba moja kubwa yenye ua mrefu wa miti. Akataka kuacha kazi, na mwajiri akakataa kumpa kitambulisho chake. Mama Wafula akaja busatini. "Senje, huyu mtu ananichezea," akasema. "Mtoto yangu amekuwa kama amefungwa." Akanyamaza pale pale penye uchungu. Kesho yake walikwenda pamoja. Askari wa geti akawaambia, "Mathe, madam ako bize. Amesema mrudi Jumatatu." Shangazi akasema hawarudi Jumatatu wala Jumanne. Walisimama juani mpaka vivuli vikageuka upande. Mwishowe akakiendea kile kidude cha kuongelea kilicho ukutani, akakibonyeza, akaanza kugomba na ukuta. Watu waliokuwa wakitembeza mbwa walisimama. Alimweleza yule mama asiyeonekana, kwa Kiswahili safi, kwamba msichana si kikombe cha kabatini, ana kwao na ana mama, na mama mwenyewe huyu hapa, jua linampiga. Kidirisha cha geti kikafunguliwa, mkono ukatoa kitambulisho, kikafungwa.

Mama Wafula aliisimulia hadithi hiyo kwa miaka. Aliigiza kila kitu, askari, mbwa, Shangazi ameweka mdomo kwenye kidude, na watu walishika mbavu. Mwenyewe akiwepo alicheka nao. Lakini Mama Wafula aliimalizia getini kila mara. Ni Nekesa aliyeniambia, tukiwa tumeshakuwa wanawake wazima, kwamba mita chache kutoka pale Shangazi alishika ua wa watu akatapika mpaka akaishiwa nguvu, akawaomba wamwache akae kwanza kando ya barabara. Nilimwuliza Nekesa kwa nini mamake hakuisema sehemu hiyo. Akasema ingeharibu hadithi.

Alikuwa na maneno yake. Akifika mlango wa watu, kabla ya kubisha, alisema chini kwa chini, "Bismillahi, na wanisamehe." Akiulizwa yeye ni nani hata aseme hivyo, alijibu, "Mimi nimetumwa tu." Watu walidhani ni ujanja wa kujikinga, na kumbe alikuwa akisema kweli tupu. Na kila mwaka, siku za mwisho za mfungo, alizunguka peke yake kwa watu aliowagomba mwaka mzima kuwaomba msamaha, hata waliostahili kugombwa. Keateka alikuwa wa kwanza. Yule mtu alianza kwa kumnunia, akaja akamzoea, mwisho akawa anamwekea kiti chake cha plastiki akimwona anapanda ngazi amechoka. Nimewaza sana juu ya hilo. Aliowagomba walikuja kumjua kuliko aliowagombea.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijalimeza mpaka leo.

Kwetu, kijana akitaka kuoa, kabla wazee wa kiume hawajaenda rasmi, wanawake hutangulia. Wanakwenda wachache, wamevaa vizuri, wanakaa na mama wa msichana, na mmoja wao anasema yale maneno mazuri ya kuomba. Wanamchagua mwenye ulimi mwororo, mwenye uso wa heri, kwa kuwa nyumba nzima itamkumbuka kwa maneno hayo. Hilo ndilo Shangazi alilolitaka duniani. Hakutaka kingine. Wanawake wakirudi kutoka kwenye posa, alikuwa akiwapokea mlangoni awaulize kila kitu: mlango ulifunguliwa na nani, walikaribishwaje, fulani alianza na neno gani, mama wa msichana alijibu nini na alitazama wapi. Nilimkuta mara nyingi akisukuma chapati peke yake huku akisema taratibu, "Tumekuja kuomba udugu, na aombaye huja na unyonge." Akiniona ananyamaza, anatabasamu kidogo. Aliniambia kwamba siku moja watamtuma na yeye.

Kaka yangu alipotafuta kitambulisho, ofisi moja ya mjini ilimzungusha kwa miezi. Leo wanataka karatasi za babu, kesho za babu wa babu, kesho kutwa mzee wa kutia sahihi ametoka. Kaka akakosa kazi mbili hivi hivi. Mama akaenda busatini, jirani wa ukuta mmoja, akanyamaza penye uchungu kama wote. Shangazi akaenda mjini naye siku baada ya siku, wakipanda ngazi na kushuka, na siku ya siku akasimama katikati ya ule ukumbi akawauliza makarani, mbele ya foleni nzima, ni babu yupi wa karani aliyewahi kuulizwa karatasi. Foleni ikapiga makofi. Kitambulisho kikatoka. Kaka akapata kazi, na baada ya muda akapata mchumba.

Nilikuwa jikoni nakuna nazi siku wanawake walipopanga nani aende posa. Shangazi alikuwa amekuja kusaidia. Alikuwa amevaa leso mpya, sijui kama kuna mwingine aliyeiona. Alingoja mpaka majina yote yakatajwa, kisha akamwuliza mama, kwa ile sauti yake ya nyumbani, kama safari hii na yeye atakwenda.

Mama akacheka. "Wewe? Utatuvunjia uchumba chai haijamiminwa."

Wote wakacheka. Mmoja akaongeza kwamba wakikataliwa ndipo watamtuma yeye. Shangazi naye akacheka, akainama akaendelea kuchambua mchele. Niliona mawe akiyaacha na mchele akiutupa. Mama alishafariki, Mungu amrehemu, nami nilimpenda na ninamwombea kila sala. Na bado nimemkasirikia. Nikikumbuka kicheko kile nasikia joto linanipanda shingoni, nikiwa mwanamke mzima mwenye watoto wangu.

Tangu hapo ndipo nilipoona hasira ikianza kuja bila kutumwa. Zamani ilikuwa anaivaa akitoka na kuivua akirudi. Sasa ikawa haivuliki. Aliwagomba watoto wa mpira. Alimgomba fundi wa mabomba kwa kuchelewa robo saa. Alimgomba mke wa imamu mbele ya darasa zima kwa sababu ya kipaza sauti. Mistari miwili ikachorwa kati ya nyusi zake, haikuondoka hata akiwa amelala. Na sauti ya nyumbani, ile ndogo, ikaanza kupotea. Na hapo watu wakafanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria nataka kuvunja sahani. Walimwogopa. Waliwaambia watoto wao wapite upande wa pili. Walipunguza kumwalika. "Ana hasira yule, ndivyo alivyo," wakasema, watu wale wale, kisha wakipata shida na mwenye nyumba wakaja busatini wanywe chai.

Bintiye aliniambia siku moja, akiwa na hasira zake mwenyewe, kwamba wao nyumbani walibaki na mabaki ya mama. Mtaa ulimchukua akiwa mzima na kumrudisha amechoka, amenuna, kichwa kinamgonga. Aliniambia hakumbuki kusimuliwa hadithi usiku. Anakumbuka kumpepea mama yake.

Mumewe alipofariki na presha ikampata Shangazi, binti alikuja kumchukua akaishi naye Kinoo. Siku ya kuhama nilitoka mjini kazini mapema nikawahi kusaidia. Nilitarajia kukuta ngazi zimejaa watu. Kulikuwa na mimi, binti, na keateka, mzee kwa sasa, amebeba kitanda begani na machozi yanamtoka bila aibu. Madirisha yote ya wale waliooga kwa mdomo wa Shangazi, mapazia yalikuwa yameshushwa. Baadaye mmoja wao akaniambia angalau sasa mtaa utatulia. Nilimjibu, na sitaandika nilichomjibu.

Mwaka huu mwanangu akaniambia amepata msichana. Ni mtoto wa pale pale Jamhuri, wa familia ninayoijua. Nikamwambia alhamdulillahi, tutakwenda kuomba, na atakayesema ni Shangazi.

Akaweka simu chini. "Mathe, huyo shosho atatuharibia mambo. Kila mtu anamjua. Si uende tu na Auntie?" Auntie ni wifi yangu, mke wa kaka, yule aliyepangiwa posa siku ile ya mchele. Nilimwambia mwanangu kwamba mjomba wake asingekuwa na kazi wala mke bila mdomo wa huyo bibi anayemwita shosho, na kwamba kama msichana wake anaweza kumkosa kwa sababu ya mwanamke mzee kukaa kwenye kiti, basi hakuwa wake. Akaichukua simu yake. Lakini alikuwa na hofu, nami nilikuwa nayo, ila yangu niliifunika kwa ukali. Anampenda kweli yule msichana.

Nilikwenda Kinoo Jumamosi. Binti ndiye aliyefungua, akasimama mlangoni asinipishe.

"Mmemfuata mpaka huku?" akasema. "Daktari amesema asipandishwe presha. Nyinyi watu wa Jamhuri hamshibi?"

Kabla sijajibu nilisikia kandambili ndani. Shangazi akatokea nyuma ya bintiye, amekuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na tayari buibui lilikuwa mkononi. Alikuwa amesikia sauti yangu, akalichukua. Hakunisalimu kwanza. Aliniuliza, "Nani? Wamewafanyia nini?"

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilitaka kulia, na nilitaka kurudi Jamhuri nikagonge kila mlango. Nilimwambia hakuna aliyetufanyia kitu. Nikamweleza habari za mwanangu, nikamwambia nimekuja kumwomba atutangulie kwa posa, aseme yeye.

Alikaa kwenye kizingiti. Buibui alilipakata.

"Mmekosa mtu mwingine?"

"Hatukumtafuta mwingine, Shangazi."

Alinitazama kwa muda mrefu akichunguza kama kuna mlango mgumu niliouficha. Kisha akamgeukia bintiye akamwuliza ile kanga nzuri aliiweka wapi. Binti aliingia ndani, nikamsikia akifungua kabati, akipenga mafua.

Tulikwenda siku ya pili yake, yeye, wifi yangu na mimi. Njia nzima alikuwa akitembeza midomo. Wifi yangu alinikonyeza nikajifanya sioni.

Mama wa msichana alifungua mlango akitabasamu, akatuona mimi na wifi, kisha akamwona aliye nyuma yetu. Tabasamu likabaki usoni lakini macho yakabadilika. Akatukaribisha, akatukalisha, mikono yake ikagonganisha vikombe. Shangazi alikaa ncha ya kiti, akapanga kanga yake magotini, akamwamkia yule mama. Akamwuliza hali. Akavuta pumzi. Akafungua kinywa.

"Sisi hatuna kipingamizi," yule mama akasema haraka haraka. "Kama ni habari ya watoto, tumekubali. Babake pia amekubali. Hakuna haja ya maneno mengi, Shangazi."

Shangazi alifunga kinywa. "Sijasema bado," akasema, na ilikuwa ile sauti ndogo, niliyodhani imeshakufa.

"Hapana haja, Shangazi. Tunakuheshimu. Tumekubali kila kitu."

Wifi yangu alishusha pumzi, akajiweka tayari kupiga kigelegele. Tulikuwa tumepata tulichokijia. Mwanangu alikuwa amepata mke. Nami damu ilikuwa ikinichemka masikioni, nikainuka nusu nimwambie yule mama maneno yangu yote ya miaka, na Shangazi akanibonyeza goti nikarudi kitini.

"Keti," akamwambia mama wa msichana.

Ilikuwa sauti ya tangi, ya geti, ya ofisi. Sijui kama katika maisha yake aliwahi kuitoa kwa ajili yake mwenyewe. Yule mama akaketi. Wifi yangu akashusha mkono. Mlangoni mwa jikoni msichana alisimama na sinia ya mahamri, hajui asonge au arudi.

"Nimebisha milango ya mtaa huu kwa maji ya watu," Shangazi akasema, "na kwa karatasi za watu, na watoto wa watu. Kila nilikokwenda nilitumwa na uchungu wa wenyewe. Leo nimetumwa na maneno mazuri. Hamtanikubalia kabla sijayasema. Mkikataa, mtakataa mkiwa mmeyasikia. Sasa niulize nimekuja na nini."

Yule mama akainua uso. Alimtazama, na nafikiri ndiyo mara ya kwanza alimtazama.

"Umekuja na nini, Shangazi?"

Shangazi akanyoosha kanga yake, akavuta pumzi tena, akaanza upya, tangu salamu.